Seremala Ndani ya Isaya

Katika Agano la Kale ni vigumu kumpata mtu aliyezidharau sanamu kuliko nabii tunayemsoma katika Isaya 44, na ni vigumu vilevile kumpata aliyemtazama seremala kwa makini kuliko yeye. Mambo hayo mawili yamekaa katika sura moja, na wahubiri wengi wa huku kwetu husoma la kwanza wakaruka la pili. Wanakimbilia hukumu: sanamu ni machukizo, anayeiabudu amejinajisi, semeni amina. Nabii mwenyewe hakuwa na pupa hiyo. Kabla ya kuhukumu aliingia karakana, akakaa, akaangalia kazi.

Anaanza na mhunzi. Chuma kiko kwenye makaa, nyundo inakipa umbo, mkono una nguvu. Halafu anataja jambo ambalo mtu asiyewahi kusimama karibu na tanuri asingelifikiria: mhunzi huyu ameshikwa na njaa na nguvu zinamwishia; hajanywa maji na yu karibu kuzimia. Hapo hakuna tusi. Kuna mtu tu yuko kazini, na mungu anayetoka mikononi mwake hawezi kumletea hata kikombe cha maji. Kisha anaingia seremala, na vyombo vyake vinatajwa kimoja kimoja: uzi wa kupimia, kitu cha kuchorea mstari, chombo cha kulainishia ubao, bikari ya kuzungushia duara. Aliyeandika hivyo alijua kinachotangulia na kinachofuata.

Lakini ustadi wenyewe uko kwenye mpangilio wa habari. Sanamu inakamilika kwanza: ina umbo la mtu, ina uzuri wa mtu, iko tayari kuwekwa nyumbani. Hapo ndipo msimulizi anapoanza kurudi nyuma. Kabla ya umbo kulikuwa na gogo, na gogo lilikuwa mwerezi au mwaloni uliochaguliwa msituni. Kabla ya kukatwa mti ulipandwa, na baada ya kupandwa mvua ndiyo iliyoukuza. Ameanza na mungu, amefika kwenye mvua. Kisha anageuka na kuja mbele tena kwa njia ya pili, njia ya kuni: sehemu ya mti uleule inawashwa moto, mkate unaokwa, nyama inachomwa, mtu anashiba na kuota moto akisikia raha. Kilichosalia ndicho anachokisujudia na kukiomba kimwokoe. Sanamu imekwisha kubomolewa na hakuna aliyeigusa kwa shoka. Imesimuliwa tu ilivyotengenezwa.

Mimi sura hiyo naisomea kwenye karakana moja ya Section 58, upande wa mashariki wa Nakuru, si mbali na barabara kuu ya Nairobi. Ni mabati juu ya nguzo, benchi refu lenye jiliwa, na nje kuna vitanda na fremu za makochi yasiyo na vitambaa. Fundi ni mtu wa makamo, ana vijana wawili, na msimu ninaousimulia alikuwa amepewa kazi na kanisa moja la mtaani: mimbari.

Alianza kwa kukataa mbao. Saiprasi nyingi inayouzwa mjini hutoka upande wa Mau, Elburgon na Molo, na tangu marufuku ya kukata miti iliyowekwa Februari 2018 mbao zilikuwa adimu na ghali, mpaka Rais Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023, akiwa kwenye ibada hukohuko Molo. Adha za miaka ile zimemwachia tabia ya kutomwamini muuzaji yeyote. Ubao anaunyanyua kwanza kupima uzito, kwa maana mbichi ni mzito. Anaugonga kwa kifundo cha kidole. Anafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake kutafuta mpindo. Vifundo haviogopi kama vinavyoogopwa na wanunuzi. Anachoogopa ni ufa mwembamba unaoanzia kwenye kifundo na kwenda kufia mahali usipopaona. Mbao zilizopita mtihani alizipanga juu ya vijiti, hewa ipite chini na katikati, akaziacha. Mzee wa kanisa alipokuja kuuliza mimbari imefika wapi, alionyeshwa rundo la mbao. Hakufurahi.

Kazi ya viungo ndiyo iliyonifanya nisimame muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mimbari ile haikushikwa kwa misumari. Kila ubao wa kulala ulikatwa ulimi mwishoni, na kila mguu ukachimbwa tundu la kuupokea ulimi huo. Fundi alichora kwa penseli iliyochongwa kwa patasi, na alipokata, msumeno haukupita juu ya mstari. Ulipita kando yake, upande wa kipande kitakachotupwa, mstari ukabaki mzima kwenye ubao. Kisha akachukua patasi. Alikuwa akitoa maganda membamba kiasi cha kupitisha mwanga, anajaribu ulimi kwenye tundu, anauchomoa, anatafuta mahali panapong'aa kwa sababu ya kusuguana, anatoa ganda jingine mahali hapo tu. Kijana mmoja alishika nyundo ya mti amalize mambo. Fundi akamzuia kwa kiganja bila kusema neno. Baadaye ndipo alipomweleza: ulimi unaoingia kwa kupigwa utauingia mguu leo, na masika yakija ubao utavimba na mguu utapasuka mbele ya washirika.

Masika ndiyo yaliyoamua pia namna ya kufunga ubao mpana wa mbele. Haukutiwa gundi. Uliachwa umeketi ndani ya mfereji, na kando kulikuwa na nafasi ndogo ya kupumua, maana ubao hujaa wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na ukiufunga pande zote utajipasua wenyewe. Mtu akitazama kwa mbele hataiona nafasi hiyo kamwe. Vanishi nayo ilipakwa alfajiri. Nakuru ina vumbi laini la majivu ya volkano, na upepo ukishaanza kuvuma kutoka upande wa Menengai hakuna kitu kibichi kinachosalimika. Mkono wa kwanza wa vanishi ulichanganywa na thina nyingi uzame kwenye mbao. Baada ya kukauka ukapigwa msasa mpaka ukafifia, na mtu asiyejua angedhani kazi inaharibiwa. Mkono wa pili ndio ulioleta mng'ao.

Na muda wote huo, hatua chache kutoka kwenye benchi, sufuria ya chai ilikuwa ikichemka juu ya vipande vya saiprasi ileile. Maranda yalijazwa kwenye gunia la mama mmoja mfugaji wa kuku. Nusu mimbari, nusu chai. Sijui kama kuna mfasiri wa Isaya anayeweza kuongeza kitu hapo.

Wasomi wengi huziweka sura za 40 hadi 55 za kitabu hicho katika siku za uhamisho wa Babeli, karne ya 6 kabla ya Kristo, karibu na wakati Koreshi wa Uajemi alipouteka mji huo mwaka 539. Ukikubali hivyo, nabii na wasikilizaji wake waliishi kati ya watu waliokuwa na ibada maalumu ya kuigeuza kazi ya karakana kuwa mungu. Maelekezo yake yaliandikwa kwenye vibao vya udongo, na baadhi vimechimbuliwa Ninawi na Babeli. Sanamu ilitolewa karakana ikapelekwa ukingoni mwa mto, ikaoshwa kinywa mara nyingi. Shoka, patasi na msumeno wa mafundi vilitiwa ndani ya paja la kondoo, likafungwa na kutupwa mtoni. Kisha mafundi wenyewe walifungwa mikono kwa kitambaa, kisu cha mti kikapitishwa kana kwamba mikono inakatwa, na wakaapa kwamba hawakuitengeneza. Aliyeitengeneza, walisema, ni mungu wa ufundi wao.

Najisi iliyooshwa pale ni ipi? Ni mkono wa binadamu. Sanamu ilihesabiwa kuwa imechafuliwa na jasho, vumbi la mbao na alama za vidole, na haikuweza kuwa takatifu mpaka fundi afutwe kwenye habari yake. Sasa irudie Isaya 44. Jasho limerudishwa. Njaa ya mhunzi imerudishwa, uzi umerudishwa, vipande vya kuni vimerudishwa. Nabii ameingia mtoni akaopoa shoka na patasi, akaviweka mezani mbele ya mungu wa Babeli. Kwa Wababeli sanamu ilitakaswa kwa kumsahau fundi. Kwa nabii, kumsahau fundi ndiko kulikoleta unajisi.

Simaanishi kwamba anamwachilia huru. Aya ya 11 ya sura hiyo inasema mafundi hao wataaibika, na Kumbukumbu la Torati 27:15 inamlaani mwenye kuchonga sanamu na kuisimamisha kwa siri. Ila ukisoma pole pole utaona aibu yenyewe haitokani na ustadi. Inatokana na kwamba katika watu wote wa mji, yeye ndiye aliyejua. Alijua mahali kifundo kilipofichwa na upande uliotengenezwa na kibarua. Bado akapiga goti.

Haruni alijaribu ujanja wa Kibabeli kabla ya Babeli. Katika Kutoka 32 tunaelezwa wazi kwamba alipokea hereni za dhahabu akaitengeneza ndama kwa chombo cha kuchongea. Musa aliposhuka mlimani na kumbana kwa maswali, jibu lake lilikuwa kwamba aliitupa dhahabu motoni, na ndama akatoka. Hivyo tu, ametoka. Tunacheka kila likisomwa, lakini ni kiapo kilekile cha ukingoni mwa mto: si mimi, sikuwepo, mkono wangu haukuhusika.

Mlinganishe na Bezaleli, fundi wa hema la kukutania. Anatajwa kwa jina, jina la baba yake Uri, la babu yake Huri, na kabila lake la Yuda. Msaidizi wake Oholiabu mwana wa Ahisamaki anatajwa pamoja na kabila lake la Dani. Katika Kutoka 31 Bezaleli anasemwa kuwa amejazwa roho ya Mungu, na karama zinazofuata ni za kukata vito, kuchora mbao, kufua dhahabu. Halafu inakuja sura ya 38, ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa popote, na ambayo ingesomwa kila kanisa linapofanya harambee ya jengo. Ni hesabu. Dhahabu talanta 29 na shekeli 730. Shaba talanta 70 na shekeli 2,400. Fedha talanta 100 na shekeli 1,775, iliyotokana na wanaume 603,550 waliotoa nusu shekeli kila mmoja. Chukua kalamu: nusu ya 603,550 ni 301,775, na talanta ni shekeli 3,000. Hesabu inafunga bila shekeli moja kupotea. Talanta 100 zikatengeneza vitako 100 vya kusimamishia mbao na nguzo, talanta moja kwa kitako, na zile 1,775 zilizobaki zikafanya kulabu za nguzo na vipambo vyake. Ya ndama hatuna hesabu. Watu walivua hereni, moto ukawaka, basi.

Iko aya moja inayonisumbua, na sitaki kuipita kimya. Kutoka 20:25 inaagiza madhabahu ya mawe ijengwe kwa mawe yasiyochongwa, kwa sababu chombo cha chuma kikiinuliwa juu yake kinaitia unajisi. Hapa chombo cha fundi ndicho kinachochafua, na si Babeli inayosema. Marabi walieleza kwamba chuma hufupisha maisha ya mtu ilhali madhabahu huyarefusha, na ni maelezo mazuri. Mimi naona kuna hofu nyingine ndani yake, hofu ya mtu anayejua nguvu ya kazi nzuri: jiwe likichongwa vizuri mno, macho yatabaki kwenye jiwe. Hata hivyo Bezaleli huyohuyo alitengeneza madhabahu nyingine ya mti wa mshita iliyofunikwa kwa shaba, kwa maelekezo ya vipimo, na hakuna aliyemwambia ameinajisi. Maandiko hayajaipanga hiyo mistari miwili ipatane, nami sioni sababu ya kuyasaidia.

Ezekieli ndiye aliyeupeleka unajisi mbali zaidi. Kwake sanamu haimchafui mtu peke yake. Katika sura ya 36 nchi yenyewe imechafuliwa, ardhi waliyoikalia, na dawa yake ni maji safi ambayo Mungu mwenyewe atawanyunyizia. Katika sura ya 14 anazungumza juu ya wazee waliokuja kukaa mbele yake huku sanamu wamezisimamisha mioyoni. Hapo hakuna mti wala dhahabu, na hakuna fundi wa kumrudishia kazi yake.

Hilo lina uzito wa pekee katika Bonde la Ufa la kati, kwa kuwa mahubiri dhidi ya miungu ya kuchonga yalifika mahali ambapo miungu ya kuchonga haikuwepo. Wakikuyu waliomba wakielekea mlima Kirinyaga, chini ya mti wa mugumo. Wakalenjin walimtaja Asis, Wamaasai Enkai. Hakuna aliyempa sura ya mti. Ufundi wa kuchonga ninaoujua Kenya kwa sifa kubwa, ule wa Wakamba wa Wamunyu, ulishika kasi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge aliporudi kutoka Tanganyika akiwa amejifunza huko, na vinyago vyake viliuzwa kwa wageni. Twiga wa mpingo hajawahi kupigiwa goti na mtu, labda yule anayempangusa vumbi.

Kwa hiyo ugomvi wa sanamu hapa kwetu umekuwa hasa wa Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki, na katika Nakuru jina linalotajwa ni Subukia, patakatifu pa kitaifa pa Bikira Maria, ambapo mahujaji hurudi na madumu ya maji ya chemchemi. Majibu ya kanisa yalitolewa kwenye mtaguso wa Nikea mwaka 787: heshima inayopewa picha humfikia aliyechorwa. Mimi nina kipimo cha chini zaidi, cha karakana. Muulize Mkatoliki sanamu ya parokia yake imetengenezwa na nini. Atakwambia ni plasta, rangi yake imeanza kubanduka, na kuna fundi ameitwa. Mwabudu sanamu hajibu hivyo. Kisha muulize mtu mwingine, wa kanisa lisilo na sanamu hata moja, ile chupa ndogo ya mafuta ya upako aliyoinunua kwa bei ya gunia la unga ilijazwa wapi, na mtungi gani, na nani aliyebandika karatasi yenye picha ya mtumishi. Utaona uso ukibadilika. Umeuliza swali lisilotakiwa kuulizwa, swali la fundi.

Mimbari nayo ilikuwa na kesi yake. Mchoro wa kwanza ulikuwa na njiwa mbele. Mzee mmoja akasema njiwa wa kuchonga ni sanamu ya kuchonga na amri ya pili haijafutwa. Mama wa kwaya akamkumbusha makerubi wa dhahabu juu ya sanduku la agano na makomamanga kwenye pindo la vazi la kuhani. Walibishana kwa heshima, kila mtu akimwita mwenzake mtumishi, mpaka pasta akakata shauri: msalaba mtupu na majani ya mzabibu kando. Fundi alikuwa amekwisha kuchora njiwa kwenye karatasi, na nilimwona akiikunja na kuitia mfukoni. Majani aliyachonga kwa siku nyingi kuliko alizolipwa. Kila jani lina mshipa wake wa katikati, na jani moja chini kulia lina tundu dogo la mdudu, alilolitia makusudi. Nilimwuliza kwa nini. Akasema shamba lisilo na mdudu halipo.

Siku ya kuichukua, pasta aliizunguka mimbari, akaipapasa, akaridhika. Kisha akainama na kuona ndani, chini ya rafu ya kuwekea Biblia, maandishi ya rangi nyeusi: jina la fundi na nambari ya simu. Akaomba yafutwe. Alisema kwa upole kwamba hicho sasa ni chombo kilichowekwa wakfu, si kochi la sebuleni.

"Pasta," fundi akamwambia, huku akiendelea kuufunga mkokoteni kamba, "na mguu wake ukilegea, mtampigia nani?"